Fundi Hakuvua Viatu

Siku ya mapumziko, watu ishirini na wawili waliamka wakatembea peku. Viatu vyao walikuwa wamevipanga barazani mwa shule waliyopewa kulala, jozi kwa jozi, vimeachama kama makinda ya ndege, na hakuna aliyetaka kuvitia machoni mpaka kesho yake. Walikuwa wametembea siku saba kwenda hija kwenye kanisa la mlimani, na zilibaki nne. Desturi ya msafara wao ilikuwa kusimama siku moja katikati ya safari: kufua, kula, kulala mchana bila haya, na kupaka nyayo mafuta.

Mtu wa ishirini na tatu alitoka darasani na viatu mguuni, kamba zimefungwa mara mbili. Naye ndiye aliyekuwa fundi viatu.

"Jirani," kinyozi alimwita kutoka kwenye bomba, povu limemjaa mashavuni, "umelala navyo au umezaliwa navyo?"

Hawa wawili walikuwa majirani wa kazi mwaka wa kumi na nne. Vibanda vyao viligawana ukuta mmoja wa bati, kiasi kwamba mteja wa kinyozi alinyolewa kwa mapigo ya nyundo ya fundi, na mteja wa fundi alipata habari zote za mjini bila kukata nywele.

"Mwanajeshi haachi silaha," fundi alijibu, akaketi kwenye benchi taratibu, kama mtu anayekalia mayai.

Akafungua mfuko wake wa kazi. Alitoa kisu, gundi, nyundo fupi, sindano nene na uzi uliopakwa nta, akavuta kiatu cha kwanza barazani, akaanza. Soli iliyoachia, akaibandika. Kisigino kilicholika upande mmoja, akakisawazisha. Watu walipita wakamwombea dua. Mmoja akamwachia karanga mkononi. Hakuna aliyejua kwamba mtu anayewaganga viatu wote ndiye aliyekuwa mgonjwa kuliko wote. Wahenga walikwisha kusema: mganga hajigangi.

Viatu alivyovaa havikuwa vyake. Vilikuwa vya mdogo wake, marehemu.

Mdogo wake alikuwa karani wa mizani katika ghala la nafaka, mtu wa kusimama kutwa na kucheka kutwa. Kila mwaka alikwenda hija hii, na kila mwaka alikwenda na raba zilezile, zimekwisha hadi zinaonyesha soksi. Fundi aliona aibu. Ndugu wa fundi anakwendaje mbele ya Mungu na raba za kuokota? Basi akamshonea viatu vya ngozi ya kahawia, soli ya tabaka mbili, mshono wa mkono tangu mwanzo hadi mwisho. Ndugu hao walivaa viatu vya namba ileile, kwa hiyo hakuhitaji hata kumpima. Alivalisha ngozi kwenye kalibu lake mwenyewe, lile umbo la mbao alilolichonga kwa mguu wake ujanani, na kazi ilipokwisha akaiweka dirishani siku mbili ili wapita njia waione.

"Vizuri sana, kaka," mdogo wake alisema alipovijaribu. "Ila vinanibana kidogo hapa pembeni."

"Ngozi ni kama mgeni. Mpe siku mbili azoee nyumba."

Siku mbili zikapita, na miezi miwili ikafuata. Kila Jumapili baada ya ibada mdogo wake alisimama mlangoni mwa kanisa kwa mguu mmoja, kama kuku wakati wa mvua. "Kaka, hapa pembeni." Naye fundi aliinama, akabonyeza ngozi kwa kidole gumba, akainuka. "Kiatu hakina kosa. Sasa tutazame mguu wako."

Hija iliyofuata mdogo wake aliondoka na raba. Siku hiyo msafara ulipita mbele ya kibanda cha fundi ukiimba, na fundi hakutoka nje kuuaga. Aliendelea kugonga soli iliyokwisha kugongwa. Ndugu waliporudiana walisalimiana na kula pamoja kama kawaida, lakini habari ya viatu haikutajwa tena mezani. Kisha msimu wa mvua homa ya mapafu ikamchukua mdogo mtu kwa siku tisa tu. Mungu amweke mahali pema.

Baada ya arobaini shemeji yake, mjane wa marehemu, alikuja kibandani na mfuko wa nailoni. "Vichukue wewe," alimwambia. "Kwangu vimekosa mguu."

Fundi aliviweka juu ya rafu, akawa anavitazama na vyenyewe vinamtazama. Usiku mmoja katika sala aliweka nadhiri: viatu hivi vitafika kanisa la mlimani, vitafika kwa kutembea, tena katika miguu ya mtu wa damu yake. Ndani ya nadhiri hiyo, tusifichane, kulikuwa na upendo mwingi na ubishi kidogo. Alitaka mdogo wake huko aliko aone kwamba kiatu hakikuwa na kosa.

Siku ya tatu njiani alijua. Aliusikia mshono wa pembeni, umeingia ndani kwa upana wa punje ya mchele na kukaa juu ya kidole cha mwisho. Katika mwendo wa kutoka nyumbani hadi sokoni punje ya mchele si kitu. Katika mwendo wa siku saba ni jino. Na mguu wa marehemu ulikuwa mpana kidogo kuliko wake, hilo alilijua tangu utotoni na akalisahau siku ya kukata ngozi. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Yeye kitanda alikitengeneza kwa mikono yake, akamwapia mlalaji kwamba hakina kunguni.

Sasa kilichomtisha si maumivu. Ni mkunga.

Mkunga mstaafu ndiye aliyekuwa na mamlaka ya miguu katika msafara ule. Kila siku ya mapumziko, saa kumi kamili, aliketi kwenye kiti kifupi na beseni, pamba na chupa ya dawa, akatazama miguu yote, mmoja mmoja. Aliyepita aliendelea kutembea. Aliyeshindwa alipakiwa kwenye gari la mizigo, akamalizia hija yake juu ya magunia. Dereva wa gari hilo walimwita Breki, kwa sababu alisimama kwa kila kuku aliyevuka njia, akangoja hadi avuke na kifaranga wa mwisho.

"Nimetandika godoro moja huko nyuma," Breki alitangaza asubuhi ile, akifuta kioo. "Sijui ni la nani. Kila mwaka halikosi mwenyewe."

Fundi alikaza uzi hadi ukakatika.

Nyuma ya madarasa, shemeji yake alikuwa ameshika usukani wa jikoni. Yeye ndiye mpishi wa msafara, mwanamke mnene wa sauti na mwepesi wa mkono. Masufuria matatu yalikuwa juu ya moto. Katika moja maharage yaliyoanza kuchemka alfajiri yalikuwa yanagugumia kama wazee kikaoni. Jingine lilikuwa na kuku wawili, zawadi ya mwalimu mkuu. La tatu lilingoja mchele. Karibu yake madawati mawili yaliunganishwa kuwa meza, na juu ya meza hiyo kila mtu alitakiwa kutoa chakula chochote kilichobaki mfukoni mwake, maana sheria ya msafara ilisema aliyeficha chakula ameficha mzigo.

Vikatoka vitunguu vitatu, kabichi iliyonyong'onyea, nusu mkate mgumu kama sabuni, na mayai saba yaliyosafiri wiki nzima ndani ya kofia ya sufu bila hata moja kupasuka. Kinyozi alisimama kando, mikono nyuma.

"Na wewe?" shemeji alimwuliza.

"Mimi nimekwisha. Nimebaki na imani tu."

"Imani haina mfuniko. Nimeisikia ikilia kwenye begi lako tangu siku ya pili."

Kinyozi akaenda, akarudi na kopo zima la jamu. Watu wakapiga makofi. Aliinama kama anayepokea cheti.

Fundi naye alileta chupa yake ya asali. Alitembea kutoka benchi hadi meza, hatua kama thelathini, na shemeji yake akamtazama hatua zote hizo bila kugeuza mwiko.

"Shemeji, unatembea kama unaogopa kuamsha mtoto."

"Nimekaa sana. Miguu imelala."

"Haya. Ikiamka niambie."

Saa nane waliketi, wengine kwenye madawati, wengine kwenye mikeka, peku wote ila mmoja. Shemeji aliombwa aombee chakula, akakunja kitambaa cha jikoni begani, akafumba macho.

"Bwana, ulitupa miguu, ukatupa na njaa, leo umetupa na chakula, tunakushukuru kwa utaratibu wako. Wabariki waliotoa, hata yule aliyetoa kwa kusukumwa. Na yule aliyezoea kukaa hapa mwisho wa meza akivizia paja la kuku, mpe nafasi nzuri mezani kwako. Amina."

"Amina," walijibu, na wengine walicheka huku wanafuta macho. Paja moja la kuku shemeji alilitoa kwenye sufuria, akalitazama, akaliweka kwenye sahani ya fundi.

Chakula kilikuwa cha kusahaulisha njia. Wali ulichambuka punje kwa punje, maharage yalikuwa mazito na vitunguu vyake, kabichi ile ilifufuka kwenye mafuta. Mkate mgumu uliokaangwa kwa mayai na kupakwa jamu ukawafanya watu walambe vidole. Kinyozi alisimulia habari ya mteja aliyesinzia kitini hadi akanyolewa nusu, akaamka akalipa, akaondoka hivyohivyo kwenda kuposa.

"Akapewa mke?" Breki aliuliza.

"Akapewa. Walimwonea huruma."

Fundi alicheka hadi akajisahau, akakanyaga chini kwa nguvu, na kicheko kikamkatikia kooni. Alitazama saa ya kinyozi. Saa tisa na robo.

Hapo ndipo hila ilipomjia. Kwa kawaida mkunga hakuanza kazi yake mpaka mtu wa mwisho amalize kula, maana alisema mguu na sahani havikai pamoja. Basi fundi akaomba wali tena. Akala taratibu, akiuhesabia kila mfupa haki yake. Akaomba maharage. Akaomba mchuzi wa kulainishia maharage, kisha wali kidogo wa kusindikiza mchuzi. Saa tisa na nusu alikuwa bado anakula. Saa kumi kasorobo bado. Wenzake walikwisha kunawa, wengine wamelala, na yeye amebaki na sahani ya nne, jasho linamtiririka.

Shemeji alivuta dawati akaketi mbele yake, mikono imekunjwa.

"Shemeji, unakula au unajificha?"

"Chakula chako kitamu."

"Najua. Mume wangu alikula miaka kumi na tisa, na hakuwahi kufika sahani ya nne. Na wewe, mara ya mwisho kukuona bila viatu ni lini?"

Fundi alisukuma punje za wali pembeni mwa sahani. Lakini leo mkunga hakumngoja: alikuwa tayari ameketi kwenye kiti chake kifupi, beseni linafuka mvuke, na mstari umeanza. Mmoja baada ya mwingine walipita. Kinyozi alipita kwa kuonywa kuhusu kucha. Mstari ukaisha. Mkunga akaita, bila kuinua kichwa: "Fundi."

"Mimi miguu naijua, mama. Ndiyo kazi yangu."

"Kazi yako ni viatu. Njoo."

"Nimeshiba mno, siwezi kuinama."

"Nimepokea watoto kwa miaka thelathini na moja. Kila mama alikuwa na sababu ya kusema bado, na kila mtoto alitoka. Keti."

Akaketi. Kamba zilifunguka, viatu havikutoka. Breki alivuta cha kulia, kinyozi akamshika fundi mabega kwa nyuma, na kiatu kiliposalimu amri wote watatu nusura waanguke. Cha kushoto kilifuata. Mkunga alitazama vidole viwili vya mwisho, vyekundu, vimevimba kama zabibu, ngozi imechunika. Aligeuza nyayo, akabonyeza kisigino, akapanda hadi kifundo.

"Siku ngapi?"

"Tangu ya tatu."

"Na mtu mzima umekaa kimya. Kwa nini?"

Fundi alitazama chini. Watu walikuwa wamesogea, hata waliolala waliamka. Shemeji yake alisimama na kitambaa begani. Kulikuwa na neno moja tu la kusema, na neno hilo lilikuwa limemkwama miaka miwili.

"Vinabana," alisema.

"Sijasikia," shemeji alisema.

"Vinabana, shemeji. Hapa pembeni. Alikuwa anasema kweli."

Shemeji alikaa chini palepale mkekani. Mabega yakaanza kumtikisika, na watu wakadhani analia, kumbe anacheka, kisha kweli akawa analia na kucheka vyote kwa pamoja, na fundi hakujua aanze kumbembeleza kwa lipi.

"Miaka miwili," alisema alipopata pumzi. "Miaka miwili nangoja mtu wa ukoo wenu akiri jambo. Unajua alikuwa anavivua wapi? Kwenye kona ya mwenye duka la mkaa. Jumapili zote. Anafika nyumbani na soksi, suti na tai, viatu mkononi kama samaki. Watoto wa mtaani walimwita Bwana Soksi. Nikamwambia, mrudishie kaka yako. Akasema, 'Nikimrudishia nitamvunja moyo. Bora nivunje kidole.'"

Fundi alifunika uso kwa viganja vyake vyeusi vya gundi. Hakuna aliyemharakisha. Kuku mmoja alipita katikati ya watu akadokoa wali ulioanguka, na Breki akamsogezea mguu apite.

Mkunga ndiye aliyerudisha mambo kazini. "Sikilizeni. Kisigino kizima, nyayo nzima, kifundo kizima. Vidole hivi vikipata hewa na dawa vitatembea. Ndani ya viatu hivi havitembei hata hatua moja. Ana vingine?"

Hakuwa na vingine. Walijaribu ndala za Breki, zikawa kubwa kama mitumbwi. Raba za kinyozi hazikumpita hata unyayo.

"Basi godoro limepata mwenyewe," Breki alisema kwa upole.

"Ngoja," fundi akasema.

Aliomba mfuko wake. Akaweka kiatu cha kulia magotini, kiatu kizuri kuliko vyote alivyowahi kushona, akakigeuza mara mbili kwenye jua la jioni. Kinyozi, aliyekijua kiatu kile tangu kilipokuwa dirishani, alisema taratibu, "Jirani, si lazima." Fundi alichukua kisu apasue ngozi ya pembeni. Ili akate bila kuharibu mshono wa soli, ilimbidi kwanza ainue soli ya ndani, ile ngozi laini ambayo mguu huilalia. Akaingiza ncha ya kisu, akaibandua.

Chini yake, juu ya ngozi ngumu, palikuwa na mshale uliochorwa kwa kalamu ya bluu, ile kalamu nene ya kuandikia magunia ghalani. Mshale ulielekea pembeni, kwenye kidole cha mwisho. Na mbele ya mshale, kwa herufi kubwa za karani wa mizani, pameandikwa: HAPA KAKA.

Fundi akakumbuka. Mara moja mdogo wake alivileta viatu kibandani, akaviacha siku tatu, akasema tu, "Vitazame kwa ndani." Naye hakuvitazama kwa ndani. Alivipaka rangi, akavisugua hadi vikawa kioo, akavirudisha na kusema vipo sawa.

"Aliniandikia," alisema. "Nikapiga rangi juu ya bahasha."

Kiatu kilipita mkono kwa mkono. Kila mtu alisoma. Kilipofika kwa shemeji, alipitisha kidole juu ya herufi zile, akakirudisha. "Haya, fundi," alisema. "Mteja amengoja vya kutosha."

Fundi akakata. Alikata pale pale mshale ulipoelekea, dirisha la ukubwa wa sarafu katika kila kiatu, akazishona kingo kwa uzi wa nta ili zisichanike, mshono mfupi mfupi, nadhifu kama wa mwanafunzi siku ya mtihani. Mkunga alifunga vidole kwa pamba na kumwambia avae. Akavaa. Akatembea kutoka benchi hadi mezani, hatua thelathini, vidole viwili vyeupe vimechungulia nje kama wazee dirishani.

"Je?" mkunga aliuliza.

"Miaka miwili," fundi alisema. "Punje ya mchele tu."

"Nimeuliza mguu."

"Mguu unakwenda, mama."

Mkunga alimwaga maji ya beseni kwenye mizizi ya ua, na hiyo ndiyo ilikuwa hukumu. Breki akaenda kukunja godoro. Shemeji akapasha moto mchuzi uliobaki, na kwa kuwa jua lilikuwa halijazama na kopo la jamu halijaisha, wakaketi tena wote, wakala mara ya pili. Fundi hakuweza kumeza hata kijiko, lakini aliketi mwisho wa meza, mahali pale, akawapitishia wenzake chumvi.

Asubuhi, baada ya sala, msafara ulijipanga getini. Vile vipande viwili vya ngozi alivyovikata fundi alivitia mfuko wa shati, upande wa moyo, avifikishe mlimani. Shemeji alimpita na sufuria zake akielekea garini.

"Shemeji, vinabana?"

"Havibani."

"Sema kwa sauti. Kuna mtu alitaka kusikia."

Fundi akainua uso juu, kwenye mbingu nyeupe ya alfajiri, akasema kwa sauti ya mtu anayemjibu mteja ng'ambo ya barabara: "Havibani tena, mdogo wangu." Kisha akakanyaga njia. Nyuma yake kinyozi alianza wimbo kwa ufunguo wa juu mno, kama kawaida yake, na ikabidi wote wasimame waanze upya.